Mwizi wa Mito

Mtaa mzima ulimwita mama yangu Mama Mito, na sifa hiyo aliipenda kuliko jina alilopewa na wazazi wake. Alianza kushona mito tangu siku za mwanzo za ndoa. Baba alikuwa fundi wa kuvika mabomba ya mvuke kiwandani kwa asbesto, madini ya nyuzinyuzi yanayozuia joto, na asbesto hiyo ililetwa kiwandani ikiwa vumbi ndani ya magunia ya kitambaa. Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo alimletea mkewe magunia yaliyobaki matupu. Mama aliyakung'uta uani mpaka kope zikawa nyeupe, akayafua, akayashona, akajaza sufi. Kitambaa kilikuwa kigumu, hakichaniki. Nyumba ilipojaa akaanza kugawa, mto kwa aliyejifungua, mto kwa anayeoa, mto kwa mgonjwa.

Kisha mito ikaanza kuibiwa. Leo unapotea wetu ulioanikwa juani, kesho wa jirani. Mwizi hakugusa shuka wala sufuria. Mama alimlaani kwa roho safi. "Siku za mwizi arobaini," alikuwa akisema kila asubuhi, na baba akaendelea kunywa chai yake. Sisi watoto tulicheka tukiulizana huyo mwizi ana vichwa vingapi. Mto wangu ulisalimika kwa sababu nilikuwa nao shule ya bweni. Mwaka huohuo baba alisema kiwanda hakitoi tena magunia, na ushonaji wa mama ukaishia hapo.

Miaka ikapita. Baba alistaafu na kikohozi chake, na mimi, mwalimu wa darasa la tano, nikazoea kushtuka kila simu ilipolia, nikijua ni habari ya baba. Siku ilipolia kweli, ilikuwa ya mama. Hakuweza kumaliza kufagia chumba kimoja bila kukaa chini.

Daktari alimtoa maji kifuani, akakata kipande kidogo cha nyama kukipima, kisha akatueleza polepole, nami nikaandika. Plura ni utando unaofunika mapafu. Mesothelioma ni saratani ya utando huo, si kifua kikuu, na haiambukizi. Nikauliza kama ndiyo hiyo ya baba. Akasema hapana, ya baba inaitwa asbestosi, ni makovu ndani ya mapafu yenyewe, ila mama wa magonjwa yote mawili ni mmoja, asbesto. Akasema pia kwamba vumbi la asbesto likiingia linaweza kukaa miaka ishirini, hata hamsini, bila dalili yoyote. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nikawaza, na nikaichukia methali hiyo tangu siku ile.

Daktari akamuuliza mama kama aliwahi kushika asbesto. Mama akajibu hajawahi, kazi ilikuwa ya mumewe. Tulipofika kwenye korido akanishika mkono.

"Ni magunia," akasema. "Baba yako asijue. Akijua atatangulia yeye."

Nikaapa. Nilikuwa na hasira na kiwanda, na baba, na sufi yenyewe, lakini niliapa.

Alasiri, mama akiwa amelala, baba alinikalisha sebuleni na barua ya hospitali. Alitaka kila neno. Nikamweleza utando, nikamweleza maji, nikamweleza miaka ya kimya. Tukafika kwenye mstari unaosema chanzo ni asbesto, huenda ya nyumbani. Nikamwambia madaktari huandika tu, lazima pajazwe kitu. Uongo wangu ulikuwa mbaya kuliko wa wanafunzi wangu.

Baba alikunja barua, akaikunja tena mpaka ikawa ndogo kama sanduku la kiberiti.

"Mwanangu, mwizi wa mito ni mimi," akasema.

Akanisimulia akitazama sakafu. Mkaguzi mmoja alipita kiwandani, akawaambia mafundi vumbi lile linaua na magunia yafukiwe. Baba akarudi nyumbani, akaiona mito juu ya kamba. Hakupata mdomo wa kumwambia mkewe kwamba zawadi yake ni sumu. Akaanza kuiba, kwetu na kwa majirani, na kila mmoja aliufukia kwenye shimo la choo cha zamani. Alidhani akiimaliza mito amemaliza jambo. Hakufikiria kwamba mama alikuwa amekwisha kuyavuta yale magunia kifuani siku alipoyakung'uta.

"Alishona ishirini na mitano," akasema. "Nilizika ishirini na minne. Wako uliutupa wapi?"

Sikuutupa. Niliulalia shule, chuoni, na nyumbani kwangu baada ya kuolewa. Mshono ulipoanza kuachia niliuvika foronya mpya, kwa sababu ulikuwa mkono wa mama. Asubuhi ile nilikuwa nimeutandika kitandani.

Nilipomwambia, alinyanyuka akaja nyuma yangu, akaweka kiganja mgongoni.

"Vuta pumzi."

Nikavuta. Akasikiliza, kisha akaniambia nivute tena. Sijawahi kuogopa kifua changu mwenyewe kama dakika ile. Kutoka chumba cha pili tulimsikia mama akihema usingizini.

Baba akaenda nyuma ya mlango, akachukua jembe.

"Twende kwako," akasema. "Mama yako asijue."