Mbwa Asiye na Kiuno

Mbwa wetu alinasa chini ya geti siku ya Jumatatu, saa moja kasoro asubuhi, wakati nusu ya watu wa Kimara wanateremka kwenda barabara kuu kuwahi kazini. Kichwa na miguu ya mbele vilikuwa barabarani, makalio yalikuwa uani kwetu. Tangu mdogo alikuwaga anapita kwenye uwazi ule bila shida. Hakubweka. Alitulia akiwaangalia wapita njia kama mtu aliyeketi dirishani kwake.

"Sista, mbwa wako kanasa," kaka mmoja mwenye begi mgongoni akanijulisha, kana kwamba nilikuwa nimepiga magoti mchangani kwa kupenda.

Mie nilikuwa nje namvuta kwapani, mume wangu yuko ndani anasukuma. Dereva wa bodaboda aliyekuwa anasubiri abiria akashauri sabuni ya maji. Tukampaka mbavu zote. Akachomoka ghafla, akanikalia mapajani na povu lake lote, kisha akajikung'uta na, geti lilipofunguliwa, akakimbilia kwenye bakuli lake kuangalia kama kuna kitu. Shuleni ninakofundisha nilifika kipindi cha pili kimeshaanza. Nilimweleza mkuu wa shule ukweli, akasema nikiwa na matatizo ya nyumbani nisisite kumwambia.

Jioni tukamwita daktari wa mifugo. Ni mtu mpole, amezoea zaidi ng'ombe wa maziwa na kuku wa watu, na anaongea polepole kama anayewasomea wagonjwa wake barua. Alimsimamisha mbwa katikati ya uwanja, akamtazama kutoka juu.

"Kiuno kiko wapi?" akauliza.

Tukamwangalia mbwa. Kwa kweli alikuwa amenyooka kutoka mabegani hadi mkiani kama gunia la mkaa.

Daktari akanishika mkono, akaniambia ninyooshe vidole, nipapase mgongo wa kiganja. "Mbavu za mbwa mwenye afya unazisikia hivyo, bila kubonyeza. Sasa papasa za huyu." Nilipapasa. Nilikuta godoro. Alisema tangu ahasiwe hahitaji chakula kingi kama zamani: ugali wa dona na dagaa kwa kikombe kimoja asubuhi, kimoja jioni, asipewe makombo ya mezani, atembezwe kila siku, na apimwe uzito kila baada ya wiki mbili.

Kumpima ndiyo ilikuwa kazi. Mizani ya bafuni tulikuwa nayo, ila mbwa alikataa kuipanda. Aliilamba tu. Mume wangu akapata wazo. Akapanda yeye kwanza peke yake, akasoma themanini na mbili. Kisha akambeba mbwa, akapanda naye, mie nikachuchumaa kusoma kwa sababu yeye tumbo la mbwa lilimziba macho. Mia moja na kumi na tano. Tukatoa, tukapata mbwa ni kilo thelathini na tatu. Daktari alitaka ashuke hadi ishirini na sita. Nikaandika kwenye kalenda ya jikoni, juu kabisa: BABA 82, MBWA 33.

Nikaanza. Kwa kuwa mabaki ya chakula chetu ndiyo yaliyokuwa yanamharibu, niliona dawa ni kupika kisichobaki. Nikabadilisha sufuria, nikachukua ndogo. Wali tukawa tunapata sahani moja moja, na ukimaliza umemaliza. Mume wangu alikwangua sufuria mara ya kwanza, akakuta hakuna ukoko hata wa kuonja, akaenda kunawa mikono. Niliona amenielewa.

Kumtembeza mbwa Kimara nako kuna aibu yake. Mbwa wa kwetu wanalinda, hawatembezwi. Nikiwa nimeshika kamba, mama muuza mbogamboga aliniuliza ninampeleka kumuuza wapi. Vijana wa kijiweni walisema, "Mwalimu, kumbe mbwa naye yuko daieti!" Siku ya tatu, kwenye kilima, mbwa alikaa chini na kugoma. Nilimbembeleza, nikamvuta, nikamkaripia kama mwanafunzi. Mwishowe tulirudi na bajaji, amekaa kiti cha nyuma kwa adabu, ulimi nje, anapunga upepo.

Baada ya wiki mbili tukapima. Mia moja na kumi na sita. Tukatoa themanini na mbili. Thelathini na nne.

"Haiwezekani," nikasema.

"Labda ni maji," mume wangu akasema.

Nikapunguza kikombe kidogo, na kilima tukakipanda kwa kupumzika. Wiki mbili nyingine: mia moja na kumi na saba. Mbwa thelathini na tano! Nikaapa kuna mtu anamlisha.

Jumamosi nikajificha nyuma ya tangi la maji na kikombe changu cha chai. Haikuchukua muda. Mbwa alijisogeza hadi kwenye ukuta wa jirani, akakaa, akatoa sauti moja nyembamba ya yatima. Kitumbua kikaruka juu ya ukuta. Akakidaka hewani. Cha pili kikafuata.

Jirani yetu ni bibi mtu mzima, mwenyeji wa Temeke, aliyehamia kwa binti yake huku kwetu. Mbwa hamgusi, na akikutana naye njiani hukunja kanga yake na kusimama ukingoni kabisa. Nilipiga hodi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani." Akanikalisha mkekani, akaniwekea vitumbua, akanishika mkono kwa huruma. "Nilikuwa naona haya kukuita. Mwanangu, kama hali imebana, sema. Sie ni majirani."

"Hali ya nini, bibi?"

"Namsikia mbwa analia bakuli tupu. Na baba watoto naye namwona pale getini jioni, uso umemsawajika. Nikasema, huyu mnyama simgusi, lakini njaa yake naisikia."

Nikamweleza habari ya daktari, kiuno na mbavu. Alisikiliza kwa makini, kisha akacheka mpaka ushungi ukamvuka. Alikubali kuacha. Akauliza kama tango linamdhuru, nikasema hapana, na tangu hapo ukuta ule ukawa unarusha vipande vya tango.

Basi nikapima tena nikiwa na uhakika. Mia moja na kumi na saba. Haijashuka hata nusu kilo.

Nilimpigia daktari simu, nikamwambia mbwa ana ugonjwa. Akaja na mizani yake ya kuning'iniza, ile ya kupimia mbuzi. Tukamfunga mbwa kwenye kanga yangu kuukuu, tukamtundika kwenye mti wa mpera. Alining'inia kimya, miguu minne hewani, amekata tamaa na binadamu wote.

"Thelathini," daktari akasema. "Anaendelea vizuri sana. Kiuno hiki hapa, kinaanza."

Nikasema mizani yake mbovu. Akauliza tunapimaje, nikamletea kalenda. Akaisoma taratibu, kidole kikifuata mstari.

"Na baba," akauliza, "amepimwa lini mara ya mwisho?"

Tukamgeukia mume wangu. Alikuwa ameanza kuondoka kuelekea bafuni, si kuleta mizani, kujifungia. Nilimrudisha, na mizani nikaileta mwenyewe. Akapanda, akavuta pumzi ndani kana kwamba hewa ndiyo nzito. Themanini na saba.

"Daktari," mume wangu akasema kwa heshima, "unaweza kunipapasa mbavu?"

"Mie natibu mifugo tu, mzee."

Ukweli ukatoka pale pale chini ya mpera. Nilipobadilisha sufuria, yeye alilala njaa siku mbili, ya tatu akashuka Sinza akitoka kazini, akapata nyama ya nguruwe, kitimoto, na ndizi za kukaanga. Kila jioni. Kisha anakuja nyumbani kula sahani yake moja na kuweka ule uso wa huzuni ambao bibi aliuona getini.

"Ningesema vipi?" akalalamika. "Ulikuwa na uchungu na mbwa. Nikaona nisikuongezee."

Nilitaka kukasirika, lakini daktari alikuwa amegeukia ukuta, mabega yanamtikisika, na mbwa bado alikuwa ananing'inia. Tukamteremsha kwanza.

Sufuria kubwa nikairudisha, mabaki yakawa yanaingia kwenye friji yakiwa na kifuniko. Kamba ya mbwa nikamkabidhi mume wangu. Alfajiri wanatoka wawili, yeye kavaa fulana ya uchaguzi uliopita, na wakifika kilimani wanakaa wote chini kidogo. Mbwa sasa ni ishirini na saba na mbavu unazihesabu kwa vidole. Za mume wangu sijui, maana siku hizi mwenye kumbeba mbwa kwenye mizani ni mie, na yeye ndiye anayechuchumaa kusoma kilo zangu na za mbwa, kwa sauti kubwa mno.