Vifungo vya Shangazi

Kwa nini umdanganye daktari wako? Shangazi yangu, fundi cherehani anayeshonea mtaa mzima, alimdanganya wake kila mwezi. Ana baridi yabisi, ile inayovimbisha viungo, na yumo katika utafiti wa kliniki unaowatibu wagonjwa na kuwafundisha kuishi nayo. Siku ya kupimwa alimeza vidonge vya maumivu alfajiri, akajipaka mafuta, akaingia akitabasamu kama bibi harusi. Daktari akaandika kwamba anaendelea vizuri. Dawa haikubadilishwa, na mkasi ukazidi kumshinda.

"Niende kwa watu nimenyong'onyea, mwanangu?" aliniuliza nilipomkanya, usiku wa kuamkia siku ya kupimwa.

"Kwani unaenda kuposwa?" nilifoka. "Wakikuona mzima watakuacha hivyohivyo mpaka uuze cherehani! Na si wewe tu, Shangazi. Wote watakaotibiwa kwa utafiti huu wanategemea useme kweli."

"Loo, chuo kimekupa mdomo!" Alicheka, lakini akanikabidhi vile vidonge nimtunzie mpaka apimwe.

Kesho yake asubuhi tulikuwa wa kwanza kliniki. Shangazi alikuja na gauni lisilofungwa vifungo, mtandio ukimsitiri kifua. Daktari alimwomba afunge kifungo kimoja tu. Vidole vilikataa. Shangazi hakuinamisha kichwa.

"Hivi ndivyo ninavyoamka, daktari. Andika."

Daktari aliandika, akambadilishia dawa, kisha akaweka kalamu chini na kumfungia vile vifungo mwenyewe, kimoja kimoja, hadi shingoni.