Swali la Saba Linalomzuia Mtoto Kurudi kwa Mama Yake

Saa mbili asubuhi, Josline Namukasa anashuka kwenye bodaboda mtaani Gudele, Juba, anajipangusa vumbi usoni na kuanza kutembea. Kwapani ana mfuko wa plastiki wenye mafaili kumi na manne. Kila faili ni mtoto aliyepotezana na wazazi wake.

"Nilikuja Juba kuuza chapati," anasema huku akiruka mtaro. "Sasa mimi iko natafuta mama za watu."

Mganda huyo wa Masaka, mwenye miaka 43, ni mtafuta familia wa shirika dogo la watoto. Watafutaji walikuwa tisa. Wafadhili walipopunguza fedha wakabaki wawili, yeye na Philip, kijana wa Kenya. Mwisho wa mwezi huu kituo wanakolala watoto kinafungwa, na ambao hawajachukuliwa watapelekwa mji mwingine, siku mbili kwa barabara, kama barabara inapitika.

Faili linalomnyima usingizi ni la Nyachangkuoth, msichana wa miaka kumi. Alipotezana na mama yake miaka mitano iliyopita, familia ilipokimbia vita kaskazini. Mama aliangukia kambini Uganda, akarudi Juba mwaka jana, na Josline akampata hapa hapa Gudele. Ilitakiwa wakutane wiki ile ile. Hawajakutana.

Kabla mtoto hajarudishwa, yeye na mzazi huulizwa maswali yale yale, kila mmoja chumba chake, na majibu lazima yalingane. Utaratibu huo si mbaya, maana wapo watu wanaokuja kudai watoto wasio wao. Lakini swali la saba linauliza: una watoto wangapi?

"Mama alikataa," anasema Josline. "Anasema kwao watoto hapana hesabu, ukihesabu unaita kifo. Mimi nikamsukuma, kwa sababu fomu inataka namba. Akasema mmoja, huyu tu anamtafuta. Nikaandika mmoja."

Chumba cha pili, mbele ya Philip, Nyachangkuoth aliwataja wote kwa majina: wanne, pamoja na yeye. Kamati inayoidhinisha watoto kurudishwa ikarudisha faili, kwa kuwa majibu hayakulingana. Josline aliieleza kwamba amewaona kwa macho yake wadogo wawili wa msichana huyo wakicheza mlangoni kwa mama yao. Haikusaidia kitu. Mtu unapata hasira, ila hujui umkasirikie nani.

"Hata bibi yangu Masaka alikuwa hahesabu watoto," anasema. "Nilijua, na bado nikauliza. Hiyo ni kosa yangu mimi."

Nafasi ya mwisho ni Jumatatu, ambapo afisa wa serikali atamhoji mama upya. Josline haruhusiwi kuingia, wala kumwambia mama mtoto alijibu nini. Akibainika amemwambia, faili linafutwa.

Ombi lake kwa wakubwa ni moja: swali hilo liondolewe, wazazi waulizwe majina. Ameandika barua mara tatu. Hajajibiwa.

Mama yake Nyachangkuoth, anayeitwa Mama Reath kwa jina la kifungua mimba wake, anatupokea kwa viti viwili vya plastiki. Reath alikufa kwa malaria kule kambini. Nyachangkuoth hajui.

"Dada, nimefikiri usiku yote," anamwambia Josline kwa Kiswahili alichojifunza Uganda. "Kama hiyo namba ndiyo inaleta mtoto yangu, kalas, basi, nitahesabu. Nitasema watatu."

Josline anatazama chini. Anafungua faili, analifunga tena. Ni uchungu kumtazama.

"Mama Reath," anasema hatimaye, "na Reath si wako?"

Mwanamke huyo anavuta kitambaa chake cha kichwa, anafuta macho.

"Reath ni yangu," anajibu. "Huyo ndiye naweza kuhesabu bila kuogopa."

"Jumatatu saa mbili nakuja kukuchukua," anasema Josline, na kurudisha faili kwenye mfuko.