Carmen Hana Somo

Ukitaka kujua mtu wa Ujiji ana heshima kiasi gani, usiangalie nyumba yake wala kanga zake. Uliza ana masomo wangapi. Somo ni yule mliyechangia jina, na watu wa mtaa wetu wa Rusimbi hawalifanyii mzaha jambo hilo. Mtoto akipewa jina lako, wewe ndiye unayempakata siku ya arobaini mama yake anapotoka nje, wewe ndiye unayemfunga kanga ya kwanza, na sherehe yoyote ikifanyika kwao, sahani yenu ni moja. Bi Mwanvua, yule mwenye nyumba yenye ua mpana karibu na bomba la maji, alikuwa na masomo mpaka hesabu imempotea. Akipita njiani, vitoto vya kike vinachomoka kila mlango, "Shikamoo somo! Shikamoo somo!" naye anaitikia kwa madaha, mdomo umejaa tambuu.

Mpangaji wake wa chumba cha uani, Carmen, hakuwa na somo hata wa dawa.

Carmen alivuka ziwa kutoka upande wa Baraka mwaka wa tisini na sita, vita vilipochacha kule Kongo. Wenzake walivuka na magodoro na masufuria. Yeye alivuka na kinu. "Godoro nitapata lingine," aliwaambia waliomcheka kwenye boti, "lakini kinu kilichonizoea nitakipata wapi?" Alikuwa mwanamke wa kifua kipana, na cheko lake wachuuzi waliapa kwamba linasikika mpaka sokoni Mwanga. Mimi sina sababu ya kuwabishia. Jina lake lilitoka kwa mtawa wa Kizungu aliyemzalisha mama yake, na tangu mtawa yule arudi kwao, pwani nzima ya ziwa, huku na kule, hapakuwa na Carmen mwingine.

Kazi yake ilikuwa kuwapikia wanawake waliojifungua. Alitwanga majani ya muhogo yakalainika kabisa, akayapika kwa mawese, karanga na dagaa wakavu, wenyewe Wakongo wakiliita sombe. Ukila sombe la Carmen, maziwa yanashuka yanalowesha blauzi. Unabisha? Nenda Rusimbi kaulize.

Na wakishiba, waliahidi. "Haki ya Mungu, huyu akiwa wa kike ni Carmen!" aliapa Regina, mke wa fundi viatu, tumbo likiwa bado kubwa na vidole vimejaa mawese. Mtoto akaja wa kike. Na nyuma yake akaja mama mkwe kutoka Simbo na kapu la maharage, mtoto akaitwa Merina, jina la mama mkwe. Mwingine alikwenda kuuliza kanisani. Katekista akapekua kalenda ya watakatifu, akasema huyo Carmen yeye hamfahamu. Wengine walidai jina linaparua koo. Sombe liliisha sufuriani, na ahadi zikaishia humohumo.

Siku za arobaini watu walikaa mikekani, kila mtu na somo wake. Carmen alikula jikoni na ukoko. Roho ilimuuma, nalisema wazi kwa kuwa yeye alilificha kwa kucheka. Hakujaliwa mtoto. Ndugu hakuwa naye upande huu wa ziwa. Akifa, jina linafukiwa naye, basi, kama hajawahi kupita duniani.

"Mama, mimi nataka kitu kimoja tu katika mji huu," alimwambia Bi Mwanvua siku moja wakichambua mchele. "Mtu aite Carmen, na anayeitwa asiwe mimi."

Bi Mwanvua akatema tambuu. "Jina hilo? Hilo hata mbuzi wangu simpi. Atagoma kula!"

Wakacheka wote wawili. Lakini Mwanaima, mke wa mtoto wa pekee wa Bi Mwanvua, aliposhika mimba, Carmen alijikaza akaomba kweli, bila utani. Na hapo ndipo palipoharibika. Bi Mwanvua aligeuka mbogo. Mjukuu wake wa kwanza aitwe jina la mtu aliyekuja na boti? Watu wa mji watasema nini? Mjukuu ni Mwanvua, na mwenye kinyongo ahame! Carmen naye hakunyamaza, alirudisha yote na nyongeza juu. Tangu siku hiyo wakawa wanapishana mlangoni kama hawajuani, salamu hakuna.

Kisha ikatoka amri: wakimbizi wote waliokuwa wakiishi mjini waende kambini, Lugufu. Lori lingewachukua asubuhi ya Jumatatu.

Mwanaima alikuwa amejifungua Ijumaa, mtoto wa kike. Maziwa hayakutoka. Uji ulipikwa, supu ya kuku ilipikwa, wapi! Mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka, na mama yake akawa amelala tu, uso umegeukia ukutani. Jumatatu asubuhi, mizigo ikiwa tayari barabarani, majirani walisikia kitu kinagonga uani kwa Bi Mwanvua: tu, tu, tu. Carmen alikuwa anatwanga.

Bi Mwanvua alitoka mbio, kanga inaburura. Akamkuta kajifunga kibwebwe, jasho linamtiririka, sufuria ya mawese imeshabandikwa mekoni. Lori likapiga honi kule barabarani. Carmen hakuinua kichwa.

"Lori litakuacha, we mwanamke!"

"Liniache."

Bi Mwanvua akakaa chini, mkubwa wa watu, palepale vumbini. Sauti ilimtoka ndogo. "Pika, Carmen. Pika, mwanangu, na jina utapewa. Naapa mbele ya Mungu."

Ndipo Carmen akasimamisha mchi. Kumbuka, hilo ndilo alilolililia miezi yote ile, sasa linaletwa mpaka miguuni pake. "Jina langu si la kubadilishana na sufuria ya sombe," alisema. "Mwite Mwanvua kama ulivyotaka. Mimi napika kwa sababu mtoto ana njaa."

Akapika. Akamlisha Mwanaima kwa mkono wake, tonge kwa tonge, akamwonyesha Bi Mwanvua namna ya kulitwanga, akamwachia kinu. Honi ikapigwa tena. Akakimbia, akavutwa juu ya lori na wenzake, akaondoka bila kujua kama maziwa yalishuka.

Kambini miaka ilikwenda. Aliwapikia wanawake wa huko pia, lakini kuomba jina hakuthubutu. Pale kila mtoto aliyezaliwa alipewa jina la marehemu, na marehemu walikuwa wengi. Mwenye moyo gani angesimama kwenye foleni hiyo? Akaliweka jambo lake chini.

Nywele zilikuwa zimeanza kuota mvi alipopewa kibali cha kuja Kigoma kung'olewa jino. Lilipokwisha kung'olewa, shavu limevimba, pamba mdomoni, akasema potelea mbali, siondoki bila kuiona Rusimbi. Akafika bombani, ndoo zimepangwa msururu.

"Carmen! Wee Carmen! Unachezea maji tena?"

"Abee!" aliitika, ameshagutuka. Na papo hapo, kutoka kwenye msururu ule, "Abee!" tatu za kitoto zikaitika pamoja naye.

Mwanamke kijana aliyeita akamgeukia. "Samahani mama, si wewe. Namwita mwanangu."

"Lakini mimi ndiye Carmen."

Yule mwanamke akamkagua, kandambili mpaka kilemba. "Ala! Wewe mgeni, jina hilo umelipatia wapi? Hilo jina la kwetu hapa Rusimbi!"

Mtume! Machozi yakaanza kumdondoka Carmen, kisha likamtoka lile cheko la zamani, pamba ikaruka huko, jino likasahaulika.

Mlango wa Bi Mwanvua ukafunguliwa kwa kishindo. Bibi mwenyewe akatoka, amezeeka, kiatu mguu mmoja. "Cheko hilo mji huu hauna lingine!" alipiga kelele. "Carmen wangu! Njoo hapa, mkaidi wee!"

Wakakumbatiana mpaka ndoo zikapinduka. Bi Mwanvua aliongea huku analia, huku anamtikisa mabega. Maziwa yalishuka jioni ileile! Siku ya arobaini mji mzima ulikaa ukisubiri Mwanvua mwingine, yeye akasimama akasema mtoto ni Carmen. Shehe aliuliza jina gani hilo. Bibi alimjibu chuoni, kule madrasani kwake, aandike apendavyo, uani kwa Mwanvua ni Carmen. "Masomo wangu wote walipewa jina langu ili nifurahi," alisema. "Wewe ulikataa lako lisinunuliwe, na mtoto akashiba. Nisingempa lako ningempa la nani?"

Na jambo likishatoka uani kwa Bi Mwanvua, mji lazima uige, ndivyo ulivyo mji huu. Kila nyumba ikataka Carmen wake. Hata Regina aliyezaa tena! Mama mkwe alikuja na kapu lake la maharage, akarudi nalo Simbo.

Msichana mmoja akasogezwa mbele, mrefu, mapengo mawili. Carmen wa kwanza. Akapiga goti. "Shikamoo somo."

"Marahaba somo wangu," Carmen alisema, akamwinua.

Mkeka ukatandikwa uani, si jikoni. Kinu kilikuwa palepale pembeni, kimezeeka na kung'aa. Sombe likaletwa, sahani moja kwa watu wawili, na mapengo kwa mapengo wakaanza kula. Kule bombani sauti ikaita tena, kali, yenye haraka, "Carmen! Carmen, nakuita!"

Hakugeuka. Alikata tonge, akamlisha somo wake.