Mstari wa Pili

Zoila Guachamín alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi hapa Quito, na kwa miaka ishirini na sita ndiye aliyeandika watoto waliozaliwa na kasoro. Mimi niliwapima uzito kwenye meza ya jirani. Tulibishana kila siku.

Fomu ilikuwa na mistari mitano ya kasoro. Mtoto mwenye mistari miwili alipelekwa kupigwa picha ya tumbo, figo zionekane. Mwenye mmoja alikwenda nyumbani. Zoila akiona sikio halikuumbika vizuri, aliandika sikio, akamfunika mtoto blanketi na kumrudisha kwa mama yake.

"Mbona hujamgeuza mgongo?" nilimuuliza siku moja.

"Mwache mama yake alie kwa kasoro moja kwanza. Wewe una roho ya mwenye bucha."

Tulicheka. Leo nikikumbuka, najionea aibu.

Mwaka juzi daktari Anahí Cevallos alikusanya fomu za hospitali kumi na moja, akatuonyesha mchoro kwenye kompyuta. Kila kasoro ilikuwa nukta. Mbili zikikutwa kwa mtoto mmoja, ziliunganishwa kwa uzi, na kadiri zilivyokutana mara nyingi ndivyo uzi ulivyonenepa. Kwa wenzetu wote, uzi mnene ulitoka sikio kwenda figo. Kwetu sisi sikio lilikaa peke yake, kama mtoto aliyetengwa mchezoni.

"Ajabu hii," alisema Anahí. "Masikio ya watoto wenu yana nini?"

Waliojua ni Zoila na mimi tu, na mimi ningenyamaza.

"Hayana kitu, daktari," Zoila akajibu. "Ni mimi, nikiona sikio, sikutafuta kasoro ya pili."

Watoto hao wa sikio pekee walikuwa thelathini na wanane. Siku zake za mapumziko zote alizimaliza akiwasaka, awapeleke wapimwe figo. Wengi walikutwa wazima. Watatu walianza matibabu, na Zoila alilia kwa shukrani. Kisha tukaenda soko la San Roque, kwa Rosaura Tipán, muuza mahindi ya kuchemsha.

"Jirani!" Rosaura alichangamka, akimwita kama wauzaji wa sokoni waitavyo kila mtu. "Wewe si ndiye uliyenipa moyo? Ulisema ni sikio tu."

"Nilisema, mama. Nimekuja kumchukua mwanao Maité akapimwe figo."

Rosaura alimfungia mteja mahindi yake, akafuta mikono kwenye aproni.

"Maité alitutoka mwezi wa tatu mwaka huu. Figo hizo hizo."

Nilimvuta Zoila shali ili twende zetu. Akausukuma mkono wangu, akamweleza yote: mstari mmoja, blanketi, picha ambayo haikupigwa. Nilimkasirikia, na sijawahi kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu pale.

"Miaka tisa nakuombea kanisani," alisema Rosaura. "Kwa ajili ya blanketi lile."

Akafunika sufuria yake ya mahindi.

"Hiyo fomu bado ipo?"

"Ipo."

"Basi kaijaze. Halafu usinirudie hapa."

Aliijaza jioni ile ile, figo kwenye mstari wa pili, na Anahí akaongeza uzi mwembamba kwenye mchoro wetu.

Asubuhi iliyofuata alizaliwa mvulana mwenye sikio dogo. Mama yake, akilia, alinyoosha mkono kuomba blanketi. Zoila alilisogeza mbali, akamgeuza mtoto mgongo.

"Bado, mama," alisema. "Sijamaliza kumtazama."