Kipaza Sauti Kilipoingia Mtaani

Kaka yangu ni mtangazaji. Ametangaza magodoro ya bei poa sokoni, mechi uwanjani, watoto waliopotea. Ana koo la chuma. Tulimtania kwamba bila maiki asingepata hata mke.

Mtaani kwetu hakuwahi kutangaza. Enzi za utawala ule, gari la kipaza sauti lilipita likisema tokeni nje, na waliotoka hawakurudi. Ndiyo maana kila mzazi alimfundisha mwanawe: ukikisikia, komea mlango, kaa kimya. Utawala ule uliondoka, makomeo yakabaki.

Siku hizi wanasema dunia nzima inachemka na mvua zimekosa adabu. Wakubwa wakaenda mkutanoni ng'ambo, wakarudi na magari ya tahadhari, yenye vipaza sauti juu, kama yale yaliyookoa watu nchi nyingine. Hakuna aliyeuliza sisi tukisikia kipaza sauti huwa tunafanya nini. Kaka akaajiriwa, tukampongeza.

Bwawa la juu lilipopasuka, akatumwa mtaani kwetu. Mimi nilikuwa kazini upande wa kilimani, nashona mashuka ya hoteli.

"Tokeni nje! Pandeni kilimani, maji yanakuja!"

Milango ikafungwa, mmoja baada ya mwingine. Kaka akataka kushuka agonge. Dereva akamwambia, "Tukisimama hapa, mitaa ya mbele itasikia saa ngapi?"

"Haya, twende," kaka akasema. "Mama anaijua sauti yangu. Atatoka tu."

Maji yalipopungua, maiti ya mama ilikutwa nyuma ya mlango, komeo limefungwa.

Redioni mkubwa mmoja alisema wananchi ni wakaidi. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, lakini huyo nyoka hakumtafuna yeye. Ningependa kumkasirikia, ila hasira haiji. Wala sijalia. Nilifua nguo za mama zilizojaa tope, nikazianika, nikazikunja. Watu wanasema nimejikaza. Sijajikaza, sisikii kitu tu.

Juzi alikuja jirani wa ukuta mmoja na mama, aliyenusurika juu ya paa. Alitupa pole, akakaa, akazungusha kikombe mkononi bila kunywa.

"Mama yenu aliitambua sauti," akasema. "Nilimgongea ukutani, nikamwuliza, dada, huyo si mwanao? Akanijibu, ndiye. Wamemkamata, wanamsemesha kwa nguvu kama walivyomfanya baba yake. Nikitoka, watamwua mbele ya macho yangu."

Habari hiyo ya baba hatukuwahi kuambiwa. Tulijua alikufa kwa homa.

Kaka alitazama sakafu. Nilidhani atauliza habari za baba.

"Wakati huo maji yalikuwa yamefika wapi?" akauliza.

"Yalikuwa bado, mwanangu," jirani akasema. "Njia ilikuwa inapitika."