Rundo la Fifi

Pamba ikishachumwa huku kwetu haiendi moja kwa moja kwenye mizani. Hutandazwa kwanza nyumbani, juu ya vichanja, ikakauka. Kisha huchambuliwa kwa mkono. Nyeupe iliyo safi hukaa upande mmoja, na ile iliyoguswa na wadudu, yenye madoa na vipande vya majani, hukaa upande wa pili. Hiyo ya pili tunaiita fifi. Hakuna anayegombea kukaa mbele ya rundo la fifi, maana vumbi lake huingia puani na maganda yake huchoma chini ya kucha.

Nilikuwa mwenyekiti wa chama kwa miezi kadhaa kabla sijajua kwamba hapo ndipo mahali pangu.

Chama chetu kilikuwa cha kusoma. Nilirudi Bariadi na riwaya yangu ya kwanza, nikiwa na kiu ya kuona vitabu mikononi mwa watu wa nyumbani, nikakuta wengine wenye kiu hiyo hiyo. Tulifika kumi na wawili: walimu, fundi cherehani, wakulima. Hatukulipwa na mtu. Tulikubaliana kwamba kila Jumamosi mmoja wetu atasoma kwa sauti, katika kata yetu ya Nkoma, mbele ya watoto na yeyote atakayependa kuja. Mtendaji wa kata alituazima chumba kimoja cha ghala la zamani la pamba. Tulikipaka chokaa wenyewe, tukapanga vitabu juu ya mbao zilizoegeshwa kwenye matofali. Siku tuliyofungua mlango ule, chokaa ikiwa bado inanuka ubichi, nilihisi nimeandika kitu kikubwa kuliko riwaya.

Msomaji wetu bora alikuwa mama mmoja wa hapo hapo Nkoma, mkulima, mjane mwenye watoto wadogo. Akisoma hadithi ya fisi, watoto walikuwa wakisogeleana, nasi tukamwita mama wa fisi. Mimi niliyekuwa nimekaa na waandishi mjini, nikasikia mijadala yao yote ya sanaa, sikuwahi kusikia mtu akisoma hivyo.

Kisha pamba ikapasuka mashambani, na benchi zikaanza kubaki tupu. Jumamosi moja tulikuwa watano. Iliyofuata tulikuwa wawili, na watoto walikuja wakachungulia, wakaondoka. Mama wa fisi hakuonekana mara tatu mfululizo.

Nilifanya nilichoona viongozi wakifanya maofisini. Nilianzisha kitabu cha mahudhurio. Halafu, jioni moja ya hasira, niliandika majina ya waliokosa kwenye kundi letu la WhatsApp, na juu yake nikaweka neno moja: WATORO.

Alama za bluu zilitokea moja baada ya nyingine, wamesoma wote. Fundi cherehani akatoka kwenye kundi bila kuaga.

Wiki hiyo hiyo mtendaji aliniita. Alisema kwa upole kwamba msimu umefika na wakulima wanahitaji mahali pa kuweka pamba, na haoni sababu ya chumba kizima kulala na vitabu. Angepita mwenyewe Jumamosi. Akikuta wanachama wanasoma, tutaendelea. Asipowakuta, atachukua ufunguo.

Nilimweleza mama yangu jambo lile nikitarajia anihurumie. Mama ameongoza kikundi cha wanawake wanaolimiana tangu sijaanza shule. Leo shamba la huyu, kesho la yule, wakiwa wamejipanga mstari mmoja na majembe yao. Aliendelea kupepeta mchele, kisha akauliza:

"Na wao walipokuwa wanachuma, wewe ulikuwa wapi?"

Nikamwambia nilikuwa kwenye chumba, nawasubiri.

"Umewasubiri na kalamu," akasema, akarudi kwenye ungo wake.

Hakuwa na haja ya kuongeza. Kikundi chao kina utaratibu ambao nilipokuwa mdogo ulinitia aibu. Kiongozi huchukua mstari wenye kichuguu, ule ambao jembe linagonga na kurudi, kwa hiyo mama yangu siku zote alimaliza wa mwisho, amechafuka kuliko wote, na watoto wenzangu wakanicheka. Na mwanachama asipotokea, hawaandiki jina lake popote. Siku inayofuata wanaanza na shamba lake.

Jumatatu asubuhi nilikwenda kwa mama wa fisi. Alikuwa ameketi peke yake chini ya kichanja, pamba imemzunguka kama mtu aliyekwama kwenye mafuriko.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimu kwa Kisukuma, salamu ya asubuhi kwa mama.

Akaitikia bila kuinua kichwa. Kisha akawaambia wanawe, "Mnamwona? Mwalimu mkuu amefuata mtoro mpaka nyumbani. Fimbo ameisahau wapi?"

Nilimwomba radhi. Aliniacha nimesimama muda wa kutosha, halafu akasukuma kwa mguu rundo la fifi kuelekea kwangu.

Nilichambua vibaya. Alikuwa akipita nyuma yangu, anaokota nyeupe nilizozitupa na madoa niliyoyaacha, akinong'ona kwamba ndiyo maana waandishi hawavuni kitu. Baada ya saa moja nikatoa kitabu kwenye mkoba, nikajaribu kusoma huku nachambua. Nikashindwa vyote viwili. Akalivuta fungu langu upande wake.

"Soma wewe. Hili nitakushikia. Mikono yangu ina kazi, masikio yamekaa bure."

Ndivyo ilivyoanza. Siku ya pili nilimwendea fundi cherehani, ambaye pamba ya mama yake ilikuwa imerundikana. Naye alininyima salamu kwanza, halafu akanipa kazi. Siku ya tatu yeye mwenyewe alifuatana nami kwa mwalimu. Kila tulipofika, mmoja alisoma na wengine wakagawana fungu lake. Majirani walisogea na vikapu vyao. Kufikia Ijumaa sote kumi na wawili tulikuwa tumepatikana, na pamba ya mama wa fisi ndiyo iliyobaki nyingi kuliko ya wote. Ilitakiwa iwe mizanini Jumatatu.

Ningeweza kuwaita wakae kwenye benchi saa moja tu, mtendaji aone, aondoke. Wangekuja. Nililala na wazo hilo, nikaamka nalo, na asubuhi ya Jumamosi nikachukua chaki nikaandika kwenye mlango uliofungwa kwamba tunasoma nyumbani kwa mama wa fisi, na njia ya kufika. Nilijua naweza kuwa nimekiandikia chumba kile kwaheri.

Mtendaji alifika kabla ya adhuhuri, akaegesha pikipiki penye kivuli. Hakuna aliyesimama. Si kwa kiburi: fisi alikuwa ameshaingia zizini na mama yule alikuwa ameshusha sauti. Mtoto mmoja alisogea tu, akampa mkubwa nafasi juu ya gunia. Mtendaji akakaa. Baada ya kurasa mbili nilimwona ameokota kitonge cha pamba, anakichambua bila kukitazama, kama mtu aliyelelewa kwenye kazi hiyo.

Hadithi ilipokwisha aliangaza macho juu ya watu wote wale, wanachama na wasio wanachama, akauliza mwenyekiti ni yupi. Nilikuwa nyuma, nimeinama, pua imejaa vumbi.

"Yule pale," mama wa fisi akasema. "Mwenye rundo chafu."

Walicheka wote. Nami nilicheka. Niliinuka hatimaye, nikamnyooshea mtendaji ufunguo. Aliutazama, akautazama mkono wangu, akafunga vidole vyangu juu yake.

"Mkifunga mlango tena," akasema, "andikeni mlipo. Kama leo."

Nilifika nyumbani jua linashuka. Mama aliniletea maji ya kunawa, akaona damu kavu kwenye kucha. Akauliza nilikalishwa kwenye rundo gani.

"Fifi," nikamjibu.

Alinimiminia maji mwenyewe, polepole, mkono mmoja baada ya mwingine, kama anavyowamiminia wenzake wakitoka shamba.